Kizimba Hakilipumzishi Ziwa

Hapa Shanwe mwezi mpevu tunaujua kwa bei ya dagaa. Mbalamwezi ikiangaza, taa za wavuvi kule Ikola na Karema zinakosa kazi, maana dagaa hafuati taa iliyozidiwa na mwezi. Mitumbwi inavutwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na siku mbili tatu baadaye sado ya dagaa hapa Mpanda inapanda bei. Giza likirudi, bei inashuka. Wazazi wetu waliishi na hesabu hiyo enzi za karabai, na sisi tunaishi nayo enzi za taa za sola. Ziwa Tanganyika liko mbali na hapa, zaidi ya kilomita mia moja za milima na misitu, na wapo majirani zangu wazima wasiowahi kuliona kwa macho, lakini linaingia kwenye sufuria zao kila wiki.

Miaka hii hesabu hiyo imevurugika. Giza linakuja, bei haishuki kama ilivyokuwa. Mama mmoja anayepima dagaa karibu na kwangu alinionesha kopo lake, lile lile la miaka yote, akanimiminia mkononi. Dagaa walikuwa wadogo kama sindano za kushonea, na katikati yao vichwa vitupu na vumbi. "Shikamoo mama," nilimwambia, "mbona wamekuwa hivi?" Akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, hawa ni watoto. Wanavuliwa kabla hawajakua. Lakini wanasema vizimba vinakuja, ziwa litapumzika."

Neno hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Vizimba vinakuja, ziwa litapumzika. Ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa utalisikia. Ukifungua redio utalisikia kwa mdomo wa mtaalamu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kule Mwanza mpango wa mikopo ya vizimba vya kufugia samaki na boti za kisasa kwa wavuvi. Mwaka huo huo, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaane. Mambo hayo mawili, ziwa kufungwa na vizimba kuja, yamefungwa kamba moja masikioni mwa watu, mpaka leo mtu akitaja samaki wa asili jibu linakuwa tayari mdomoni: tufuge sato kwenye vizimba, mvuvi ataacha kuvua, na samaki wa ziwani watarudi wenyewe.

Ninasema maneno hayo si kweli. Kizimba kinaweza kumpa mtu kazi, kinaweza kuleta samaki mezani pa mwenye fedha, na sitamnyang'anya kijana yeyote riziki yake kwa maneno ya gazetini. Lakini kumpumzisha samaki wa asili hakiwezi, na kikiwekwa ovyo katika ziwa kama Tanganyika kitamwongezea mzigo. Wanaotuahidi kinyume chake wanatuahidi kitu ambacho hakijaonekana popote duniani.

Tuanze na dunia, kwa kuwa ndiko hoja hii ilikotoka. Ufugaji wa samaki umekua kwa kasi ambayo pengine hakuna shughuli nyingine ya chakula imeifikia. Mwaka 1990 samaki wa kufugwa duniani walikuwa tani milioni 13 hivi. Mwaka 2022, kwa hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walifika tani milioni 94, na kwa mara ya kwanza katika historia ya binadamu wakawazidi samaki wa kuvuliwa. Kama kufuga kunapumzisha maji, basi tani hizo milioni themanini zilizoongezeka zingepunguza uvuvi hata kidogo. Uvuvi wa dunia umebaki pale pale, kati ya tani milioni 86 na 94 kila mwaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Nyavu hazikupumzika. Watu walikula samaki wa kufugwa juu ya wale wa kuvuliwa, na sehemu ya wale wa kuvuliwa wakageuzwa chakula cha wale wa kufugwa.

Hapo ndipo penye kiini cha ubishi wangu. Sato wa kizimbani anakula nini?

Wanaotetea vizimba wanajibu haraka kwamba sato si sangara, hali nyama, sato ni mla majani. Ni kweli kwamba porini sato hujilisha mwani na vijimea vya majini. Lakini hakuna mfugaji anayejaza maelfu ya sato ndani ya wavu mmoja akawaacha wale mwani. Wangedumaa. Kupata kilo moja ya sato wa kizimbani unahitaji takribani kilo moja na nusu ya chakula, wakati mwingine mbili, na chakula hicho lazima kiwe na protini. Chakula cha kiwandani kinachoelea ni ghali, na kikubwa chake kinatoka mbali. Soya nayo ina bei yake. Mfugaji mdogo akishindwa gharama anafanya kile ambacho mfugaji wa kuku amekuwa akifanya siku zote: anachukua pumba, anachukua mashudu ya alizeti, anasaga na dagaa. Kwenye Ziwa Victoria sehemu kubwa ya dagaa wanaovuliwa haiendi tena kwa binadamu, inaishia kwenye chakula cha mifugo. Gunia la dagaa lililolala chini kwenye mchanga, lisilofaa kwa mlaji, lina mnunuzi anayesubiri. Lile zuri likikosa mlaji wa haraka, naye analichukua.

Sasa weka vizimba mia moja kati ya Ikola na Karema. Mfugaji wa hapo atatafuta protini wapi? Atasubiri lori la soya kutoka mikoa ya mbali, au atanyoosha mkono kwenye chanja za dagaa zilizo hatua hamsini kutoka kwenye kizimba chake? Jibu kila mtu analijua. Na siku hiyo mama yule wa Shanwe mwenye kopo lake atakuwa anashindana kununua dagaa na sato. Sato atamshinda, kwa sababu nyuma ya sato yuko mnunuzi wa hotelini.

Senegal na Gambia wameyaonja haya. Pwani ya Afrika Magharibi kuna samaki mdogo wa mafuta, wa jamii ya dagaa, ambaye kwa vizazi vingi ndiye aliyekuwa kitoweo cha maskini, akikaushwa na akina mama na kupelekwa hadi ndani kabisa ya nchi zisizo na bahari. Vikajengwa viwanda vya kusaga samaki, Mauritania vikiwa vingi zaidi, na unga wake ukasafirishwa kwenda kulisha samaki wa kufugwa Ulaya na Asia. Akina mama wakausha samaki wakajikuta wanafika ufukweni na vikapu vitupu, kwa kuwa mtumbwi umeshauzwa kiwandani kabla haujagusa mchanga. Samaki wa kufugwa hawakumpumzisha yule mdogo wa pwani. Walimpa mlaji mpya asiyeshiba.

Naomba msomaji asiliruke jambo hili la mlaji, kwa sababu watu wengi wanazungumzia samaki kama samaki wote ni kitu kimoja. Dagaa na sato si bidhaa moja. Dagaa anapimwa kwa kopo, anakaa jikoni wiki nzima bila barafu, anavumilia safari ya lori na mvua ya masika, anaungwa kwa nyanya moja na kitunguu kimoja, na watu sita wanashiba ugali. Anatafunwa na kichwa chake na mifupa yake, na mtoto anapata humo madini ambayo hayapati katika mnofu mweupe wa sato. Sato anahitaji barafu, gari la haraka na mtu mwenye noti mkononi. Ukiniambia kwamba sato wa Karema atachukua nafasi ya dagaa wa Karema katika nyumba za Shanwe, hujaingia katika nyumba za Shanwe.

Na mvuvi naye? Inasemekana ataacha kuvua. Mvuvi wa dagaa wa Tanganyika ni mtu wa kundi: kuna mwenye chombo, kuna nahodha, kuna vijana wa kuvuta wavu wanaogawana mapato ya usiku. Kizimba kinataka mtaji wa mbao au mabomba, nyavu, vifaranga na chakula cha miezi sita kabla hujauza samaki hata mmoja. Atakayepata mkopo huo ni yule mwenye chombo, au mtu wa mjini asiyewahi kushika kasia. Vijana wavuta nyavu watabaki na usiku wao na taa zao. Na yule mwenye chombo akipata faida kizimbani, nani kamwambia atauza chombo chake? Nijuavyo mimi, mtu akipata faida anaongeza cha pili.

Nimewahi kukaa juu ya kizimba. Ilikuwa upande wa Mwanza, asubuhi, ziwa limetulia. Kijana mwenyeji wangu alibeba ndoo ya chakula, tembe ndogo za kahawia zinazonukia kama dagaa waliokaangwa, akazirusha kwa kikombe. Maji yalichemka. Sato walirukana, mikia ikapiga wavu, matone yakatulowesha. Kisha nikainama upande wa nje wa wavu. Tembe chache zilikuwa zimevuka, nyingine zimepondeka zikawa vumbi linaloshuka taratibu, na ndani ya vumbi hilo walikuwa samaki wa ziwa. Wadogo, wengi, wanazunguka wavu kama kuku wanaozunguka kinu. Walijua saa ya chakula. "Unaona mzee," kijana akaniambia kwa furaha ya kweli, "samaki wa asili wameongezeka tangu tuweke vizimba."

Sikumbishia pale pale, nilikuwa mgeni wake. Namjibu hapa. Siku ya gulio uwanja ukijaa watu hatusemi wilaya imezaa. Watu wametoka vijijini mwao wamekusanyika mahali pamoja, na vijiji walikotoka vimebaki vitupu. Samaki wanaokuja kizimbani wameyaacha mawe yao, majani yao na mazalia yao. Watafiti wa Hispania na Norway wamehesabu samaki wa porini chini ya vizimba vya baharini na kukuta wakirundikana kwa wingi mkubwa, wakila mabaki ya chakula cha kiwandani badala ya chakula chao. Kukusanyika kwao kunawapa wavuvi kazi rahisi. Jioni ile ile, nikiwa bado Mwanza, niliona mtumbwi mdogo ukitega wavu hatua chache kutoka vizimbani. Mvuvi yule hakuwa mjinga. Alikuwa amejua walipo. Samaki waliokuwa wametawanyika katika ghuba nzima sasa wako mahali pamoja, na anayewavua anadhani ziwa limejaa, mpaka siku atakayogundua kuwa amevua wa ghuba nzima.

Sasa nije kwenye ziwa lenyewe, maana wengi wanaochukua mfano wa Ziwa Victoria na kuupeleka Tanganyika hawajajiuliza kama maji hayo mawili yanafanana. Victoria ni pana na lenye kina kifupi, wastani wake mita 40 tu, na upepo unaweza kuyakoroga maji yake hadi chini. Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Maji yake yamelala kwa matabaka. Juu kuna tabaka lenye hewa, kama mita mia moja upande wa kaskazini na mita mia mbili hivi kusini, na chini ya hapo ni maji yasiyo na oksijeni kabisa, ambamo samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo ziwa tunaloliita kubwa, kwa samaki ni ngozi nyembamba juu ya shimo la giza. Na uhai ulio tajiri zaidi uko katika pindo la ngozi hiyo: mawe na mchanga wa ufukweni, ambako wanaishi samaki wa rangi zaidi ya aina 200, karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Ufuko wa Tanganyika unaporomoka ghafla, hivyo vizimba haviwezi kwenda mbali. Vitawekwa kwenye ghuba, mahali penye maji ya wastani na utulivu, ambako dagaa wachanga hujisogeza na sangala wadogo hukulia kwenye majani. Kati ya sehemu zote za ziwa, tunachagua kitanda cha mtoto.

Na pale kizimbani, chakula kisicholiwa kinazama, kinyesi kinazama, vinaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Mwani unastawi, maji yanapoteza uangavu. Msomaji asidhani uangavu wa maji ni suala la urembo. Katika Ziwa Victoria wamo samaki wadogo wa rangi waitwao furu, na furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yalipochafuka kwa rutuba iliyozidi, majike hawakuweza kuona rangi vizuri, wakapandana na wasio wa aina yao, na aina zilizochukua maelfu ya miaka kujitenga zikaanza kuyeyuka na kuwa kitu kimoja cha kijivu. Hilo halikuhitaji sangara wa kuwameza. Tanganyika ina ndugu wa furu wengi, wanaoishi katika maji maangavu, na wanaochaguana kwa macho.

Upepo nao una neno. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini yanapanda juu. Ndiyo mbolea ya asili ya ziwa hili, ndiyo inayoleta dagaa. Lakini maji yapandayo yana oksijeni kidogo. Samaki wa porini akiyahisi anahama. Sato aliyefungiwa anahama kwenda wapi? Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa Kisumu waliamka na kukuta vizimba vimejaa samaki wanaoelea matumbo juu, mali ya mikopo na jasho imeoza kwa siku chache, na sababu iliyotajwa ilikuwa upungufu wa oksijeni katika maji. Mizoga ile ilipooza, hasara haikuwa ya wafugaji peke yao.

Bado sijamtaja sato anayetoroka. Wavu wa kizimba hupasuka. Hupasuka kwa dhoruba, kwa mamba, kwa kiboko, kwa mwizi, kwa uchakavu. Hata nchi tajiri zenye vizimba imara hazijaweza kuzuia. Agosti 2017, katika jimbo la Washington nchini Marekani, shamba moja la samaki lilivunjika na takribani samoni 250,000 wa jamii ngeni wakamwagika baharini. Mwaka uliofuata jimbo hilo likapitisha sheria ya kukomesha ufugaji wa samoni hao wageni. Kule Norway samoni waliotoroka wamechanganya damu na samoni wa mito kiasi kwamba suala hilo sasa ni la kitaifa. Hao wana kamera, wazamiaji na bima. Sisi tutakuwa na fundi mmoja wa nyavu na mtumbwi wa kukodi.

Wanasema vifaranga vya kisasa ni madume matupu, wamelishwa homoni wakiwa wachanga, hawawezi kuzaana. Kwanza, si kila kundi linakuwa madume kwa asilimia mia moja. Pili, dume la sato halihitaji jike la kizimbani. Linahitaji jike la jamii yake tu, na Tanganyika ina ngege wake wa asili, asiyepatikana kwingine, aliye ndugu wa karibu. Wanaongeza kwamba sato si mgeni kabisa, yumo kaskazini mwa ziwa, upande wa Mto Ruzizi, tangu zamani. Ni kweli yumo. Lakini wa kizimbani si yule. Ni mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi ikue haraka, imetoka kwenye matangi ya kuzalishia, na akishuka ufukweni kwetu anachimba kiota, anashika eneo na kumfukuza mwenyeji. Tumeshaliona hili ndani ya nchi. Watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, na wenzao wa Uingereza wamezunguka mito na mabwawa ya Tanzania, na matokeo yao yanaonesha sato na ndugu zake wa kuletwa wamesambaa katika mabonde mengi, na mahali kadhaa wamezaa chotara na perege wa asili. Ziwa Victoria liliwahi kuwa na ngege na mbiru wake. Sato waliletwa humo miaka ya 1950. Leo muulize kijana wa Mwanza kama amewahi kumla ngege.

Magonjwa nayataja kwa ufupi, si kwa kuwa ni madogo. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha taarifa ya kugundua kirusi cha sato katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda, wa kufugwa na wa porini. Mwaka huo huo Ziwa Volta nchini Ghana lilianza kupoteza samaki wa vizimba kwa tani na tani kwa sababu ya kirusi kingine. Samaki waliosongamana ndani ya wavu ndio shamba la kirusi, na wavu unaozuia samaki hauzuii maji.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: ziwa limeshakwisha, wewe unataka watu wafe njaa wakilinda samaki wa rangi? Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo naiheshimu. Ziwa limepungua. Nyavu zimekuwa nyingi, matundu yamekuwa madogo, makokoro yanaburuta watoto wa samaki pamoja na mayai yao. Zaidi ya hapo, ziwa limepata joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kwamba joto la karne ya ishirini limeyafanya matabaka ya maji yakatae kuchanganyika, rutuba ya chini haipandi kama zamani, na chakula cha dagaa kimepungua. Sasa nauliza: kizimba kinatibu lipi kati ya haya? Hakipunguzi wavu hata mmoja, hakipanui tundu la kokoro, hakipozi maji. Ziwa lililodhoofika kwa kukosa hewa na kukosa pumziko tunaliongezea kinyesi na chakula kinachooza, kisha tunaita tiba.

Pumziko la kweli tunalijua, na tumeliona likifanya kazi. Hifadhi ya Milima ya Mahale, kaskazini mwa Karema kwenye ziwa hili hili, tangu ilipoanzishwa mwaka 1985 inalinda ukanda wa maji wa kilomita 1.6 kutoka ufukweni, na watafiti waliolinganisha maji hayo na ya nje walikuta ndani kuna samaki wengi zaidi na wa aina nyingi zaidi. Hakuna kizimba kilichofanya hivyo. Kilichofanya hivyo ni kutovua. Miezi mitatu ya 2024 iliuma, hapa Shanwe tuliila kwa maharage na mlenda, lakini ile ilikuwa lugha ambayo samaki anaielewa. Mbalamwezi ya wazee wetu ilikuwa lugha hiyo hiyo. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali vijijini vikipewa boti, mafuta na haki ya kuyafunga mazalia yao, vitafanya mengi kuliko vizimba mia. Fedha ya kizimba kimoja inatosha mafuta ya doria ya miezi mingi.

Na anayetaka kufuga, afuge nchi kavu, kwenye bwawa lenye kingo, mbali na ziwa. Lakini hata hapo naonya majirani zangu. Mto Katuma unapita katika mkoa wetu, unalisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada ndani ya Hifadhi ya Katavi, na bonde lake ni la Ziwa Rukwa, lenye ngege wake wa asili. Bwawa lililochimbwa bondeni likifurika masika, sato wako ameshaondoka nalo. Chimba juu, weka wavu kwenye mlango wa maji, lisha pumba na mabaki ya shambani, na dagaa muachie mtoto.

Wazee na vijana wa Karema, Ikola na vijiji vyote vya ufukweni: mradi utakuja kwenu kwa gari zuri na picha nzuri, na utahitaji muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye mihuri yenu. Msiutoe kabla hamjaambiwa chakula cha samaki hao kitatoka wapi na kina dagaa kiasi gani. Muulize mbegu ni ipi. Muulize nani amehesabu samaki wa ghuba yenu kabla ya kizimba, ili mwaka wa tatu mjue kilichotokea. Muulize wavu ukipasuka nani analipa, na jibu liandikwe humo humo kwenye muhtasari. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, na maji yake mengi huondoka kwa mvuke, si kwa mto. Mvuke hauchukui uchafu.